Vanadiamu ni "insulini ya kumeza" kweli? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu sindano za mama yake

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, naliweka hapa kwa kifupi ili na wengine wafuate. Mama yako ana kisukari aina ya pili mwaka wa kumi na moja sasa, vidonge peke yake vimeshindwa kushusha sukari, daktari kamwanzishia insulini na mama amechoka kujidunga. Jirani kamletea kopo la vidonge vya vanadili salfeti, yaani chumvi ya metali iitwayo vanadiamu, kamwambia hiyo ndo insulini ya kumeza, eti wanasayansi walishaithibitisha ila makampuni ya dawa yameificha, na jirani mwenyewe anazitumia na anasema sukari imeshuka ila ulimi wake umekuwa kama wa kijani. Unauliza kama kweli metali inaweza kufanya kazi ya insulini, kama ni kweli mbona hospitali haipo, na je mama anaweza kuachana na sindano.

La mwisho naanza nalo maana haliwezi kusubiri. Hapana, asiache sindano, hata dozi moja, kwa ajili ya hivyo vidonge. Kama ameshaacha, mpigie daktari wake leo, usingoje tarehe ya kliniki.

Hayo mawili mengine yana jibu refu, na nataka nilijibu vizuri kwa sababu jirani yenu hajasema uongo mtupu, kuna ukweli ndani yake, na ni ukweli ambao mimi nimekaa nao maabara miaka mingi na bado naupenda, ila umebebeshwa kitu ambacho hauwezi kukibeba.

Tuanze na insulini yenyewe. Ni protini ndogo, asidi amino 51 tu, ukiimeza tumbo na utumbo vinaisaga kama vinavyosaga protini yoyote ya chakula, ndo maana tangu mgonjwa wa kwanza kupewa pale Toronto Januari 1922 inaingia kwa sindano. Ikiwa kwenye damu inafika kwenye seli na kukuta kipokezi chake, ambacho ni protini ndefu iliyochomoza, sehemu iko nje ya seli na sehemu iko ndani. Insulini haihitaji kuingia ndani kufanya kazi, inabonyeza swichi nje. Swichi ikibonyezwa ile sehemu ya ndani ya kipokezi inajibandika fosfeti kwenye asidi amino inayoitwa tairosini, na hizo fosfeti ndo taa yenyewe, protini za karibu zikiiona zinasogea, nazo zinabandikwa fosfeti, ujumbe unapokezanwa mpaka kwenye vifuko vyenye milango ya sukari inayoitwa GLUT4, vifuko vinapanda kwenye ukuta wa seli ya msuli au ya mafuta, milango inafunguka, sukari inatoka kwenye damu inaingia ndani. Kwenye ini ujumbe huo huo unaliambia liache kutengeneza sukari mpya.

Sasa taa ikiwaka lazima awepo wa kuizima, la sivyo seli ingebaki inanyonya sukari usiku kucha na mtu angezimia. Wa kuizima ni kundi la vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kubandua hizo fosfeti. Kinachohusika sana na kipokezi cha insulini kinaitwa PTP1B. Mwaka 1999 watafiti waliwatengeneza panya wasio na PTP1B kabisa, na wale panya insulini yao ikawa inafanya kazi vizuri kuliko kawaida, wakilishwa mafuta mengi hawanenepi kama wenzao. Kwa hiyo ukiweza kumfunga mikono huyu mzima taa, insulini kidogo itafanya kazi kubwa. Shika hapo, maana jibu lote liko hapo.

Vanadiamu ndo inamfunga mikono.

Inafanyaje? Vanadiamu ikiwa na oksijeni nne inakuwa kitu kinaitwa vanadeti, na vanadeti kwa umbo inafanana mno na fosfeti, atomi moja katikati na oksijeni nne pembeni, ukubwa nao haupishani sana. PTP1B inapokuja kubandua fosfeti inaikamata kwenye kishimo chake, na katikati ya kile kitendo kuna nukta ambapo fosfeti inakuwa imeshikwa huku na huku, sehemu tano badala ya nne, inakaa hivyo kwa muda mfupi mno halafu inaachiwa. Vanadeti ikiingia kwenye kishimo hicho inakubali kushikwa sehemu tano na inatulia pale pale, haitoki haraka. Kimeng'enya kimekamata kitu kinachofanana na kazi yake lakini kazi haiishi, na muda wote huo taa inaendelea kuwaka.

Hiki kitu mtu yeyote aliyefanya kazi ya ujumbe wa insulini maabara amekishika kwa mikono yake, hata kama hajawahi kufikiria kisukari. Ukitaka kupima fosfeti kwenye kipokezi unapasua seli, na ukipasua seli vile vimeng'enya vinamwagika vyote kwa pamoja na kubandua kila kitu kabla hujapima, kwa hiyo kabla ya kupasua unaweka sodiamu othovanadeti kwenye maji yako ya kupasulia. Na hiyo othovanadeti lazima uiandae. Unaiyeyusha, ukigusa na asidi kidogo inageuka rangi ya chungwa, ile rangi inakwambia vanadeti zimeshikana kumi kumi na zikiwa hivyo hazifanyi kazi unayoitaka, unapandisha pH, yaani unapunguza uasidi, mpaka 10, unachemsha, rangi inafifia, inaisha, maji yanakuwa meupe kama maji, unapoza, unapima pH tena, inarudi uchungwa kidogo, unachemsha tena. Nimefanya hivyo asubuhi nyingi sana. Kila mara nilikuwa najiambia hii chupa ndogo hapa mkononi ndo ile ile watu wanataka kuimeza.

Historia yake ni ya zamani kuliko insulini, hii huwa inawashangaza wengi. Mwaka 1899 madaktari wa Ufaransa waliwapa wagonjwa wao sodiamu metavanadeti wakitafuta dawa ya magonjwa mbalimbali, na kati ya wale wagonjwa walikuwepo wachache wa kisukari, sukari ikapungua kidogo kwa muda. Ikaishia hapo. Halafu 1977 kukatokea jambo la bahati, watafiti waliokuwa wanachunguza pampu ya sodiamu na potasiamu ya seli waligundua kwamba ATP waliyonunua, ile kemikali inayobeba nishati ya seli, iliyotolewa kwenye misuli, ina uchafu unaoizuia pampu, wakautafuta ule uchafu ni nini, kumbe ni vanadeti. Maabara nyingi zikaanza kuijaribu kwenye kila kitu, na kufikia 1979 na 1980 ikaonekana kwamba seli za mafuta za panya ukiziwekea vanadiamu bila insulini zinaanza kunyonya na kutumia sukari kana kwamba insulini ipo.

Lile lililowasha moto ni la 1985, kule Vancouver, Kanada, timu ya McNeill. Walichukua panya wakawapa streptozotosini, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, sukari ikapanda, wakawawekea vanadeti kwenye maji ya kunywa. Sukari ikashuka ikafika ya kawaida, na moyo ukafanya kazi vizuri tena, wakati insulini kwenye damu yao ilibaki chini vile vile. Soma tena hiyo sentensi, insulini chini, sukari kawaida. Hapo ndo neno "kiigizi cha insulini" lilipopata nguvu na hapo ndo maneno ya jirani yenu yana mizizi yake.

Ila tazama kwa karibu. Kwanza wale panya hawakuwa wameisha insulini kabisa, streptozotosini inabakiza kidogo, taa ilikuwa inabonyezwa bado ingawa kinyonge. Hata kipokezi chenyewe bila insulini huwa kinawaka kidogo kidogo, ukimfunga mikono anayezima basi hata huo mwanga mdogo unakusanyika, ndo maana zile seli za kwenye sahani ziliitikia. Lakini kama hakuna anayebonyeza swichi kabisa, kumfunga mikono anayezima hakuleti mwanga wa kutosha kuendesha mwili mzima wa mtu. Pili, panya waliowekewa vanadeti kwenye maji mara nyingi walikunywa kidogo na kula kidogo, na mnyama mwenye kisukari akila kidogo sukari inashuka tu, kwa hiyo sehemu ya yale matokeo mazuri ilitokana na kukosa hamu ya kula. Watafiti wazuri walilijua hilo wakaweka panya wengine wa kulinganisha waliolishwa kiasi kile kile kidogo, na athari ya vanadiamu ilibaki, ila ilikuwa ndogo kuliko ilivyoonekana mwanzo. Tatu, kuhara. Panya wengi waliharisha, na dozi ikipanda wengine walikufa.

Ndo maana wanakemia wenyewe siku hizi wengi wanapendelea kusema vanadiamu inaongeza nguvu ya insulini, hawasemi inaiiga. Mimi niko upande huo kabisa. Neno "kiigizi" limeumiza watu.

Sasa unauliza kuhusu "kompleksi", uliandika umeliona hilo neno na hukulielewa. Ni hivi. Vanadiamu ya chumvi tupu, kama hiyo vanadili salfeti ya kwenye kopo, inapita kwenye utumbo vibaya sana, kwa kawaida chini ya asilimia 5 ndo inaingia mwilini, iliyobaki inabaki tumboni inachokoza, ndo kuhara kwenyewe. Wazo likawa, tuifunge ile metali ndani ya molekuli ya kikaboni inayoishika pande mbili kama mtu anavyoshika kikombe kwa viganja vyote, hiyo molekuli tunaiita ligandi, na metali pamoja na ligandi zake ndo kompleksi. Ukichagua ligandi vizuri kompleksi inakuwa haina chaji, inapenda maji kiasi na mafuta kiasi, inapenya ukuta wa utumbo kirahisi zaidi.

Orvig na McNeill pale Vancouver wakachagua maltoli, kitu kinachotumika kwenye vyakula kutia harufu tamu, usalama wake ukiwa unajulikana, wakapata kompleksi yenye vanadiamu moja na maltoli mbili, BMOV, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndugu yake yenye ethili maltoli ikaitwa BEOV. Kyoto, Japani, Sakurai na wenzake wakatengeneza nyingine nyingi, wakatumia asidi pikolini, wakatumia hata aliksini ambayo inatoka kwenye kitunguu saumu, na wakafanya hivyo hivyo na zinki badala ya vanadiamu. Kwa panya kompleksi hizi zilifanya kazi kwa dozi ndogo kuliko chumvi tupu, kwa makadirio ya jumla mara mbili au tatu, na kuhara kukapungua. Kwa mwanakemia hayo ni mafanikio makubwa, usiyadharau.

Lakini kompleksi ikishaingia kwenye damu inafanya nini? Hapa ndo watu wengi wanapotea, wanafikiri ile molekuli nzuri iliyochorwa kwenye makala inaenda mpaka kwenye kipokezi ikiwa nzima. Haiendi. Kwenye damu kuna transferini, protini ya kubeba madini ya chuma, nayo inaipenda vanadiamu, inaivua ile ligandi na kuondoka na metali. Ligandi inaenda zake, inachujwa na figo. Vanadiamu inasafirishwa, inabadilika kutoka hali ya vanadili, ile ya kwenye vidonge, kwenda vanadeti na kurudi, na mwisho kinachomfunga mikono PTP1B ni ile ile vanadeti ya kwenye chupa yangu ya asubuhi. Ligandi ni nauli tu ya kuvuka utumbo. Ukilielewa hilo unaelewa pia kwamba ligandi nzuri inaweza kukupunguzia dozi, lakini haiwezi kubadilisha tabia ya vanadiamu ikishafika.

Na tabia yake ndo tatizo. Mwili wa binadamu una vimeng'enya vya familia ya PTP karibu 100, na kishimo chao cha kukamatia fosfeti kinafanana sana, vanadeti haichagui. Inamfunga mikono anayezima taa ya insulini, na inawafunga mikono wanaozima taa za ukuaji wa seli, za kinga, za mengine mengi. Juu ya hapo kuna pampu ile ya 1977, na kuna vimeng'enya vingine vingi vinavyotumia fosfeti. Halafu mfupa, mfupa umejengwa na fosfeti, vanadeti inajipenyeza pale na kukaa, inatoka polepole sana, kwa hiyo anayeimeza kila siku anajiwekea akiba mwilini bila kujua. Na figo ndo zinazoitoa. Fikiria hapo mgonjwa wa kisukari wa miaka kumi na moja, figo zake ndo kiungo tunachokilinda kuliko vyote.

Kwa binadamu basi ilikuwaje? Majaribio yapo, hayajafichwa, yamechapishwa. Miaka ya 1990 vikundi kadhaa Marekani viliwapa watu wa aina ya pili vanadili salfeti kwa wiki chache. Moja la 1995 lilikuwa na watu sita, miligramu 100 kwa siku kwa wiki tatu, sukari ya asubuhi kabla ya kula ikashuka kutoka karibu 11.7 mpaka 10 milimoli kwa lita. Imeshuka, ndio. Ila 10 bado ni kisukari kisichodhibitiwa, daktari wa mama yako hawezi kuridhika na 10 asubuhi. Lingine la mwaka huo huo lilitumia sodiamu metavanadeti na liliwahusisha na watu wa aina ya kwanza, hao mahitaji yao ya insulini yalipungua kiasi, hakuna aliyeachana na sindano. Na karibu kote kichefuchefu, tumbo kukata, kuharisha. Mwaka 2008 kuna wachambuzi walipitia tafiti zote walizoweza kupata wakatafuta zile zenye sifa za chini kabisa, yaani zimechukua angalau miezi miwili, zina watu wasiopungua kumi kila upande, na kuna kundi la kidonge kitupu la kulinganisha, hawakupata hata moja. Hata moja, mdogo wangu. Miaka zaidi ya 20 ya shauku na hapakuwa na jaribio moja la binadamu lenye sifa hizo.

BEOV ndo iliyofika mbali zaidi. Ilipita awamu ya kwanza kwa watu wenye afya, ikaingia sehemu ya kwanza ya awamu ya pili, wagonjwa wachache, miligramu 20 kwa siku kwa siku 28, sukari ya asubuhi na HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi michache, zikashuka kwa wengi wao. Baadaye yakajitokeza matatizo ya figo kwa baadhi, kazi ikasimamishwa, na patenti ikaachwa ikaisha mwaka 2011. Hilo ndo jibu la "mbona hospitali haipo". Hakuna aliyeificha, iliwekwa mezani, ikapimwa, figo zikasema hapana. Na nikueleze lililonisikitisha mimi, kwamba patenti ikishaisha hakuna anayetaka kutoa hela nyingi kufanya jaribio kubwa la kitu ambacho kesho mtu mwingine anaweza kukitengeneza na kukiuza, kwa hiyo hata swali la kisayansi lilibaki halijafungwa vizuri. Hilo ni kweli na linaumiza. Lakini swali lililobaki wazi si ruhusa ya kulijaribu kwenye mwili wa mama.

Sasa chukua lile kopo uliangalie. Ulinitumia picha ya lebo, miligramu 10 za vanadili salfeti kila kidonge. Uzito wa vanadiamu yenyewe ndani ya hiyo chumvi ni kama moja ya tano mpaka karibu theluthi, inategemea imebeba maji kiasi gani, kwa hiyo hapo tuna miligramu 2 mpaka 3 za vanadiamu. Kiwango cha juu cha kuvumilika kwa mtu mzima kilichowekwa Marekani mwaka 2001 ni miligramu 1.8 kwa siku, na kiliwekwa kwa kuangalia madhara ya figo kwa wanyama. Chakula cha kawaida kinakupa mikrogramu 6 mpaka 18 kwa siku, yaani kidonge kimoja ni zaidi ya mara mia. Upande wa pili, majaribio ya vanadili salfeti yaliyoshusha sukari yalitumia miligramu 100 na kuendelea. Umeona pale lilipokwama? Kidonge kimoja ni kingi mno kwa figo na ni kidogo mno kwa sukari. Ukimeza vya kutosha kushusha sukari unakuwa umevuka mpaka wa usalama zaidi ya mara kumi. Hiyo hesabu mwoneshe mama, aifanye mwenyewe kwa kalamu.

Metali nyingine nazipitia haraka kwa sababu najua jirani akimaliza vanadiamu ataleta kromiamu. Kromiamu ilianza 1959, Schwarz na Mertz walisema kuna kitu kwenye hamira kinachosaidia panya kutumia sukari na kwamba ndani yake kuna kromiamu, ikauzwa sana kama kromiamu pikolineti. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu maneno ya tahadhari tu kwenye lebo, kwamba uhusiano wake na kupunguza ukinzani wa insulini hauna uhakika kabisa, na mwaka 2014 wakala wa usalama wa chakula wa Ulaya ukasema hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba kromiamu ni kirutubisho cha lazima kwa binadamu. Sodiamu tangsteti ilifanya vizuri kwa panya kule Barcelona, ikajaribiwa kwa watu wanene kupunguza uzito, haikusaidia.

Zinki ni hadithi tofauti na mimi naiheshimu zaidi. Kongosho lenyewe linaitumia, insulini inahifadhiwa mle ndani sita sita zikiwa zimekusanywa na zinki mbili katikati, na hata kwenye chupa nyingi za insulini zinki ipo kwa sababu hiyo hiyo. Zinki nayo inaizuia PTP1B. Kompleksi za zinki za akina Sakurai ziliwasaidia panya, na mwili una mfumo mzima wa kuipokea na kuitoa zinki tofauti na vanadiamu ambayo mwili wetu haina kazi nayo inayojulikana. Ila kutoka hapo kwenda kuwa dawa ya kisukari bado, na zinki ikizidi inamnyima mtu shaba, damu inapungua. Kwa hiyo nayo siyo ya kujipangia dozi.

Usitoke hapa ukidhani metali haziwezi kuwa dawa. Sisplatini ni platinamu na tangu 1978 inatibu saratani, lithiamu inatuliza ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka. Tofauti ni kwamba sisplatini mtu anapewa kwa mizunguko michache chini ya usimamizi, figo zikilindwa kwa maji mengi ya mshipani, na lithiamu inapimwa kwenye damu mara kwa mara. Kisukari ni ugonjwa wa kila siku wa maisha yote. Dawa ya kumezwa kila siku kwa miaka 30 inatakiwa iwe na usafi wa tabia ambao vanadiamu haijawahi kuuonesha, na zaidi, ina washindani, metiformini ipo tangu 1957 na inafanya kazi, vidonge vipya vipo vinavyoshusha sukari huku vikilinda moyo na figo. Huko nyuma mwaka 1985 nafasi ilikuwa wazi zaidi.

Kazi yenyewe haijafa, imehama. Wengine wanatafuta molekuli zisizo na metali zinazomkamata PTP1B pembeni, mbali na kile kishimo kinachofanana na cha wenzake, ili wamfunge mikono yeye peke yake. Ni ngumu kwa sababu hata hapo ana ndugu yake mmoja anayefanana naye sana kwa umbo, anayeongoza mambo ya kinga. Nafuatilia hizo kazi kwa hamu kweli.

Turudi kwa mama. Kinachomchosha ni sindano, si kwamba haamini insulini, sivyo? Basi hilo ndo alipeleke kwa daktari, kwa maneno hayo hayo, "nimechoka kujidunga", wala asione aibu. Waulize kama dozi zinaweza kupunguzwa idadi, kama kuna insulini ya siku nzima inayomtosha mara moja, kama sindano fupi na nyembamba zaidi zipo, kama anabadilisha sehemu ya kudunga maana akidunga pale pale kila siku panakuwa pagumu, panauma na insulini hainyonywi vizuri. Kuna insulini ya mara moja kwa wiki, icodec, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2024, ulizia kama anaweza kuipata na kama inamfaa. Hizo ndo njia za kupunguza sindano.

Kama ameshameza hivyo vidonge, hata viwili, muende na kopo lenyewe. Daktari aone lebo, apime krietinini na mkojo kuangalia figo, na apange vipimo vya sukari, kwa sababu kama kweli imeshuka kidogo huku anadunga dozi ile ile anaweza kushukiwa sukari ghafla, jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, na hapo anahitaji sukari ya haraka mdomoni papo hapo. Na kama aliacha insulini na sasa ana kiu isiyoisha, anatapika, anapumua kwa nguvu, amelegea au anachanganyikiwa, hiyo ni dharura, mpeleke usiku huo huo.

Na jirani. Ule ulimi wa kijani si wa kupuuza wala si uchafu wa chakula. Wafanyakazi wa viwandani wanaovuta vumbi la vanadiamu wanaupata, na wagonjwa waliomezeshwa vanadiamu kwenye majaribio ya miaka ya 1960 waliupata pia, pamoja na tumbo kukata na kuhara. Ni vanadiamu yenyewe, rangi zake zinabadilika kulingana na hali yake, buluu, kijani, zambarau, njano, mwanafunzi wa kemia anazijua. Maana yake anameza ya kutosha mpaka inaonekana mdomoni. Mwambie kwa upole, maana alimletea mama yako hizo dawa kwa nia njema, asimamishe na aende naye akapime figo. Mkienda siku moja, wote watatu, na makopo yote mawili, itakuwa rahisi zaidi.